Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu mashine ya kujaza tena chupa za mvinyo na waragi (pombe kali ya Uganda)

Simu zinazoingia kwenye karakana yangu hapa Katwe, Kampala, hutoka Busia, Mbale, Arua, mara nyingine hata Bunia ng'ambo ya mpaka, Kongo, na karibu zote huleta maswali yaleyale kuhusu mashine yangu ya kujaza tena chupa. Nimechoka kuyajibu kipande kipande, kwa hiyo majibu yote nimeyaweka hapa. Mimi ni fundi wa vyuma. Mambo ya mvinyo nimejifunza kwa kuuharibu.

Hiyo mashine inafanya nini hasa?

Inahamisha kinywaji kutoka chombo kikubwa hadi chupa safi ya mteja bila kukikutanisha na hewa. Kujaza chupa peke yake si kazi, maana faneli ya plastiki inajaza chupa vizuri tu. Kazi ni kuhakikisha mvinyo wa chupa ya mwisho una ladha ya ule wa chupa ya kwanza, na kwamba uliobaki kwenye chombo wiki tatu baadaye bado unanukia nanasi au zabibu, si siki.

Wazo hili ni la zamani. Italia kuna maduka ambayo mtu huja na dumu lake akajaziwa mvinyo kwa bomba lenye mdomo kama wa kituo cha mafuta, na wenye madumu makubwa nyumbani humwaga tabaka jembamba la mafuta maalumu juu ya mvinyo ili hewa isiuguse. Mwaka 1965 Thomas Angove wa Australia alisajili mfuko wa mvinyo unaokaa ndani ya boksi: unavyomimina, mfuko unasinyaa, hewa haipati pa kuingilia. Mwaka 2013 Coravin ilitoka Marekani, sindano inayopenya kizibo na kuacha gesi ya agoni mahali pa mvinyo uliotoka. Mimi nimechukua fikra hizo tatu nikaziingiza kwenye kitu ambacho fundi wa Katwe anaweza kukichomelea na mwenye lodji anaweza kukiosha.

Kwa nini hutaki kunitengenezea mashine moja ya mvinyo na ya waragi?

Hili ndilo linalowaudhi wengi, na bado sijabadili msimamo.

Mvinyo una kilevi cha asilimia 12 hadi 14 hivi. Kiwango hicho hakiwaui bakteria wa siki. Wakipata hewa, wanaugeuza ule ulevi kuwa asidi ya siki, na kabla hawajaamka, oksijeni yenyewe imeshaanza kuondoa harufu ya tunda na kuutia mvinyo rangi ya kahawia. Adui wa mvinyo ni hewa, na anafanya kazi kwa siku, si kwa miezi.

Waragi, jini, wiski na ndugu zao wana asilimia 40 au zaidi. Humo bakteria hawawezi kuishi. Chupa ya jini iliyobaki nusu hukaa miezi bila neno, ingawa zile zenye maganda ya limau na machungwa hupoteza uchangamfu mapema kuliko nyingine. Adui wa pombe kali ni watatu tofauti: kilevi kinachopanda hewani chombo kikiachwa wazi, plastiki na mpira unaoyeyuka ndani yake, na moto. Kwa hiyo mashine ya mvinyo inahitaji gesi na haihitaji kuogopa moto. Ya waragi haihitaji gesi kabisa, ila kila waya na kila mpira lazima uhojiwe. Ukiziunganisha unalipia gharama za zote mbili na unapata ubovu wa zote mbili. Juu ya hapo, harufu ya jini huingia kwenye ringi za mpira na haitoki. Mvinyo wako wa hibiskasi utanukia mrete, lile tunda linaloipa jini harufu yake, mpaka ubadilishe ringi zote.

Pombe tamu zilizo chini ya asilimia 20 zihesabu upande wa mvinyo. Za maziwa usizijaze tena kwa mashine yoyote ile.

Hewa kidogo tu kweli inaweza kuharibu?

Tupige hesabu. Chupa ya mililita 750 iliyobaki nusu ina mililita 375 za hewa. Kwa Kampala, joto la nyuzi 25, humo mna karibu miligramu 90 za oksijeni. Miligramu 1 ya oksijeni inaweza kumaliza hadi miligramu 4 za ile salfa ambayo mtengenezaji ameiweka kulinda mvinyo wake. Mvinyo wa kawaida unabeba kama miligramu 30 za salfa huru kwa lita. Piga hesabu mwenyewe uone kinga hiyo inafika wapi.

Na hiyo ni hewa iliyotulia juu. Ukimimina kwa faneli, mvinyo ukianguka kutoka juu na kupiga povu, unaivuta hewa ndani yake, na lita moja inaweza kubeba karibu miligramu 8 ya oksijeni iliyoyeyuka papo hapo. Viwanda vizuri hupigania kubaki karibu na miligramu 1. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalomwambia mtu asiye na hela ya mashine ni hili: nunua mrija mrefu unaofika kitako cha chupa, jaza kutoka chini kwenda juu, polepole. Hapo umeshaokoa mengi, na mimi sijapata shilingi.

Friji inasaidia, lakini ina ujanja wake. Baridi inapunguza kasi ya uharibifu, ila mvinyo wa baridi unameza oksijeni nyingi kuliko wa joto. Basi jaza kwanza, kisha weka kwenye baridi.

Nitumie gesi gani: naitrojeni, agoni, au ile ya soda?

Naitrojeni. Haina ladha, haiyeyuki sana ndani ya mvinyo, na asilimia 78 ya hewa unayovuta sasa ni hiyo hiyo. Agoni ni nzuri pia lakini ni ghali, na watu huinunua kwa sababu ya hadithi: kwamba ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo itajitandaza juu ya mvinyo kama blanketi. Ni nzito kweli, mara 1.4 hivi ya hewa. Lakini gesi hazikai tabaka tabaka kama maji na mafuta. Zinachanganyika. Blanketi hilo linadumu muda mfupi, halafu oksijeni imeshuka. Kinacholinda mvinyo ni kuiondoa hewa yote ndani ya chupa, na kwa kazi ya kuisukuma nje naitrojeni inatosha.

Gesi ya soda, yaani kaboni dioksidi, inayeyuka ndani ya mvinyo na kuufanya uchome ulimi. Kwa mvinyo mweupe wa kunywewa baridi wengine wanaipenda kidogo. Kwa mwekundu ni kosa.

Chupa moja inakula gesi kiasi gani?

Ukipuliza gesi ya ujazo sawa na chupa yenyewe, oksijeni haimaliziki. Inashuka kutoka asilimia 21 hadi 7.7. Ukirudia inakuwa 2.8, kisha 1, kisha 0.4, na mara ya tano karibu 0.14. Mara tano za mililita 750 ni lita 3.75. Mtungi wa lita 10 uliojazwa kwa baa 150 (baa ni kipimo cha presha) una lita 1,500 za gesi, kwa hiyo kwa hesabu ya karatasi unapata chupa 400. Kwa hali halisi, pamoja na kuvuja na vijana wanaosahau koki, tegemea 300.

Fundi wa kuchomelea jirani ana mtungi wa agoni. Naweza kuuazima?

Usiuazime. Kwanza, mitungi mingi ya wachomeleaji si agoni tupu. Ni mchanganyiko wa agoni na kaboni dioksidi, na rangi ya mtungi haitakuambia ukweli. Pili, mtungi huo haukuoshwa kwa ajili ya chakula. Mwulize muuzaji wa gesi naitrojeni ya chakula, akupe karatasi yake. Na wale wanaoniuliza kuhusu naitrojeni ya maji inayotumika kuhifadhi mbegu za ng'ombe: hiyo ikigeuka gesi inatanuka karibu mara 700. Ukiifunga kwenye chombo kisicho na pa kupumulia umetengeneza bomu.

Nyongeza moja ambayo siipuuzi. Naitrojeni haina harufu, na mtu anayekosa oksijeni kwa sababu yake hahisi kukosa pumzi, anaanguka tu. Mtungi wa lita 50 ukivuja wote ndani ya stoo ya mita tatu kwa tatu, oksijeni inashuka hadi asilimia 15 hivi. Mtungi ukae nje, umefungwa mnyororo ukutani, na mrija pekee ndio uingie ndani.

Mashine ya mvinyo imepangwaje ndani?

Kegi, yaani pipa dogo la kufungwa, ya chuma cha pua ya lita 20 inakaa juu kwenye stendi, sentimita 60 hivi juu ya chupa. Hiyo ni chupa 26 na ziada ya glasi chache. Kutoka kegi inashuka mirija miwili hadi kwenye kichwa cha kujazia, kile kinachokaa juu ya mdomo wa chupa kwa ringi laini. Mrija wa kwanza unaleta mvinyo na unafika kitako cha chupa. Wa pili unaanzia shingoni mwa chupa na kupanda kurudi juu ya kegi.

Mrija huo wa pili ndio siri yote. Kwanza unapuliza chupa kwa naitrojeni, hewa inatokea kwenye koki ndogo ya pembeni. Kisha unafunga gesi, unafunga koki ya pembeni, unafungua mvinyo. Mvinyo unashuka kwa uzito wake, na naitrojeni iliyokuwa ndani ya chupa inasukumwa kurudi kegini kujaza nafasi ya mvinyo uliotoka. Mzunguko umefungwa. Hakuna hewa mpya inayoingia popote, na gesi unayotumia ni ya kupulizia chupa tu. Chupa inajaa kwa nusu dakika hivi, kimya, bila povu.

Presha ndani ya kegi usiivushe nusu baa, na weka vali ya usalama inayojifungua yenyewe. Chupa ya mvinyo wa kawaida si ya shampeni. Ile imetengenezwa kubeba baa sita, hii yako haikutengenezwa kubeba chochote. Kwa sababu hiyo mvinyo wenye mapovu sijazi, na mtu asinibembeleze.

Umeme ukikatika?

Hakuna kinachobadilika. Haitumii umeme.

Mirija ya aina gani?

Hapa nililipa ada ya shule. Mashine yangu ya kwanza niliitia mirija ya silikoni, ile laini inayong'aa, kwa kuwa muuzaji alisema ni ya chakula. Ni ya chakula kweli, lakini silikoni inapitisha oksijeni kuliko karibu mpira wowote mwingine. Mvinyo uliolala ndani ya mrija usiku kucha asubuhi ulikuwa umechoka. Nikaweka na koki ya shaba nyeupe kutoka duka la mabomba ya maji, na mvinyo wa nanasi, ambao ni mkali wa asidi, ukaanza kuwa na ladha ya sarafu. Koki kama hizo mara nyingi zina risasi ndani yake. Lita 40 nilizimwaga mtaroni, na mama aliyenipa mvinyo ule wa majaribio hajanisamehe mpaka leo.

Sasa kila kinachogusa kinywaji ni chuma cha pua cha daraja la 304, na kifuniko cha kegi ni 316, kwa sababu mvuke wa salfa unaokaa juu ya mvinyo unaila ile 304 polepole. Mirija ni ya plastiki ngumu ya bia yenye tabaka la kuzuia oksijeni, au PTFE, ile plastiki ya teflon. Kwa pombe kali ni PTFE au chuma peke yake. Ule mpira wa PVC unaopitisha mwanga unaouzwa kwa mita uache kabisa. Kilevi kinaunyonya ule ulaini wake, mpira unakuwa mgumu, na ulaini wote unakuwa tumboni mwa mteja. Na vioo vya plastiki ya akriliki vya kuonyesha kiwango vitapasuka nyufa ndogo ndogo baada ya miezi. Weka kioo halisi.

Na ya waragi inakuwaje?

Tanki la chuma, kifuniko chenye vali ndogo inayoruhusu hewa kuingia unapomimina na kujifunga ukiacha, koki chini, mrija unaofika kitako cha chupa. Ni rahisi kwa sura. Kinachoninyima usingizi ni moto. Pombe ya asilimia 40 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia nyuzi 26 hivi za joto. Mchana wa kawaida wa Kampala unafika hapo. Kwa hiyo pampu ya kawaida ya maji yenye brashi zinazotoa cheche haiingii chumba hicho. Ukitaka kupandisha pombe juu, tumia pampu ya mkono au inayoendeshwa na hewa. Tanki, stendi na chombo unachomwagia viunganishwe kwa waya hadi kwenye ethi, yaani ardhini, maana kimiminika kinachopita kwenye mrija wa plastiki kinazaa umeme tuli. Na sigiri ya muchomo, yaani nyama choma, isogezwe mbali. Nacheka nikiandika, lakini nimeikuta mlangoni pa stoo ya pombe, makaa mekundu.

Nitapimaje ujazo?

Kwa mizani. Weka chupa tupu, rudisha sifuri, jaza. Mililita 750 za pombe ya asilimia 40 kwa nyuzi 20 zina uzito wa gramu 711. Mvinyo mkavu ni gramu 743 hivi. Macho hudanganywa na chupa nene. Mizani haijali unene wa chupa. Kama unauza kwa kipimo hicho, mizani yako inatakiwa kukaguliwa na UNBS, shirika la viwango la Uganda, kama ya muuza nyama.

Tuko Kabale, juu milimani. Kuna tofauti?

Kidogo, na kwa faida yenu. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 12 kuliko ya Mombasa. Kabale ni nyepesi zaidi, kwa hiyo na oksijeni ni pungufu. Ila mfuko uliofungwa pwani ukifika kwenu umevimba. Fungua taratibu.

Kuosha kila siku ni lazima?

Mirija, ndiyo, kila jioni: maji ya moto, kisha maji safi. Mara moja kwa wiki pitisha kostiki soda ya asilimia 2, suuza, malizia na asidi ya limau ya unga. Unaweza badala yake kupitisha maji ya nyuzi 82 kwa dakika 20, mradi ringi zako zinavumilia. Klorini ya kufulia, ile wengi mnaiita jiki, msiitumie. Inatoboa chuma cha pua vitundu visivyoonekana, na ikikutana na kizibo cha gome au mbao inaweza kuzaa harufu ya gunia lililoloa ambayo hakuna sabuni inayoitoa.

Chupa za mteja nizikague vipi?

Ziinue kwenye mwanga, pitisha kidole mdomoni kutafuta ufa, nusa. Chupa iliyowahi kuwekwa mafuta ya taa itanusa mafuta ya taa milele. Irudishe kwa adabu. Kifuniko cha bati kilichokatika pete hakifungi tena sawasawa. Tumia kizibo kipya.

Nitajuaje kama mashine yangu inafanya kazi?

Kuna njia mbili, na zote fanya.

Ya kwanza ni ya kuazima. Wafugaji wa samaki wa vizimba kule Jinja wana kipimo cha oksijeni ndani ya maji. Chemsha maji, yapoze yakiwa yamefunikwa hadi juu, pima oksijeni iliyobaki. Yapitishe kwenye mashine kama vile ni mvinyo, pima tena ndani ya chupa. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo hewa ambayo mashine yako inaiba kutoka nje. Usitumbukize kipimo hicho kwenye mvinyo wenyewe. Kilevi kinakivuruga na namba zitakuwa za uongo. Mashine yangu ya kwanza iliongeza zaidi ya miligramu 3 kwa lita. Ya sasa haifiki nusu miligramu.

Ya pili ni ya midomo. Watu 12, kila mmoja glasi tatu: mbili za mvinyo uliofunguliwa leo, moja ya uliojazwa kwa mashine wiki mbili zilizopita, au kinyume chake. Aonyeshe iliyo tofauti. Kwa kubahatisha tu, wanne watapatia. Wakipatia wanane au zaidi, kuna tofauti ya kweli na una kazi ya kufanya. Usimwambie mtu yeyote mapema ipi ni ipi, hata mkeo.

Naweza kujaza tena chupa za kampuni zenye lebo na stempu?

Hapana, na ukija na mpango huo utoke na mpango wako. Tangu 2019 URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, inataka stempu za kidijitali zibandikwe kwenye mvinyo na pombe kali, na stempu ile ni ya kinywaji kilichomo, si ya chupa. Ukiweka kingine umeghushi. Jaza chupa isiyo na lebo ya mtu, andika yako: nini kimo, asilimia ngapi, tarehe. Kama unatengeneza mwenyewe, leseni na alama ya UNBS vinatangulia mashine. Sheria ya enguli, yaani waragi wa kienyeji, ilitungwa ili kuzuia kukeneka pombe bila kibali.

Mashine inaondoa methanoli?

Hata kidogo. Methanoli inachemka nyuzi 65 na ethanoli 78, na kuitenganisha ni kazi ya anayekeneka pombe, si ya mashine ya kujazia. Makumi ya watu walikufa Kabale mwaka 2010 kwa pombe yenye methanoli. Chuma cha pua kinachong'aa hakiwezi kusafisha pombe kama hiyo, kinaipendezesha tu machoni. Pima kwenye maabara kabla ya kumwaga tankini.

Unaogopa tutakuiba ubunifu?

Mpangilio wa kegi na mrija wa kurudi si wangu. Viwanda vinautumia miaka mingi. Kichwa cha kujazia nimekipeleka URSB, ofisi ya Uganda inayosajili ubunifu. Wewe ukibuni chako, peleka maombi kabla ya kukionyesha hadharani. Ukikitangaza kwanza, unaweza kuupoteza upya wake.

Na tonto, pombe ya ndizi, je? Na malwa, ile ya ulezi?

Mzee mmoja wa Mbarara ameniuliza mara nne. Tonto bado inachacha unapoimimina, inazaa gesi yenyewe, na chupa iliyofungwa itapasuka kabla ya Jumapili. Malwa ndiyo kabisa, inataka maji ya moto na mirija mirefu na watu wa kukaa nayo. Mzee, endelea na kibuyu.